Kilima Alichokitegemea Zagabe

Siku Bibiane alipojua kwamba amekufa, alikuwa juu ya paa la nyumba yake mwenyewe, ameshika bomba la antena kwa mikono miwili, jua la alasiri likimchoma kisogoni.

Chini yake, sebuleni, wanawake wa kwaya walikuwa wamebanana mbele ya televisheni. Walimwelekeza kwa kelele kama watu wanaosaidia lori kurudi nyuma: kuume kidogo, hapana, umepita, rudi, shikilia. Francine, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, mwanamke wa mwili na wa maneno, alisimama mlangoni akizipokea sauti za ndani na kuzirusha juu, huku akiongeza zake. Alimwambia Bibiane afanye haraka, maana kikwembe chake kinapepea na Wanyarwanda wa ng'ambo ya ziwa wanaona kila kitu bila antena. Wanawake wakacheka. Halafu kicheko kikakatika katikati, kama uzi.

Bibiane alingoja wamwambie picha imekuja au imepotea. Hakuna aliyesema kitu. Hata Francine alikuwa amegeuka kutazama ndani, na mgongo wake ulikuwa umesimama wima.

"Iko bien?" Bibiane akauliza.

Alilibana bomba zaidi lisiyumbe.

Ili mtu aelewe kimya kile, lazima kwanza akijue kilima. Nyumba ya Bibiane iko Nguba, mtaa wa Bukavu, lakini si Nguba ya mageti na bustani. Iko chini, kwenye kibonde ambako maji ya mvua hupita mbio yakienda ziwani, na nyuma yake kilima kimesimama kama mtu aliyekupa mgongo. Mnara wa televisheni ya Bukavu uko upande wa pili wa kilima hicho. Ndiyo maana kibonde kizima kilielekeza antena zake Rwanda, na watu walizoea kutazama habari za nchi ya wenzao kwa lugha ambayo wengi wao waliisikia nusu nusu.

Ile antena ya Bibiane aliisimamisha Zagabe, mume wake wa kanisani, kabla hajaenda Luhwindja kutafuta dhahabu. Alichimba shimo, akasimamisha mti wa mkaratusi ubavuni mwa nyumba, akafunga juu yake bomba la maji, na juu ya bomba zile fito za alumini. Alipomaliza alipangusa mikono na kuwaambia majirani, kwa sauti ya mtu anayejua, kwamba chaîne, yaani stesheni, ya Bukavu waisahau. Kilima kinaikata. Hata mtu atundike antena mawinguni, hapa haitafika. Wakamwamini. Bibiane alimwamini kuliko wote, kwa sababu ndiyo ilikuwa kazi yake ndani ya ndoa ile: Zagabe aseme, yeye aamini.

Mwanzoni Zagabe alishuka Bukavu kila Noeli na kila Pasaka. Baadaye akashuka Noeli peke yake. Baadaye zikawa simu, na mwishowe maneno ya kubebwa na watu: barabara imeharibika, shimo limejaa maji, nitashuka mambo yakikaa vizuri. Mtoto wao wa pekee, Akonkwa, alipomaliza masomo ya sekondari alimfuata baba yake huko huko. Bibiane alibaki na sambaza zake, dagaa wa ziwani. Alizinunua asubuhi kwa wavuvi, akazikaanga, akaziuza barabarani, na kwenye kidole kilichonuka mafuta pete ya ndoa ilikuwa bado inabana. Hakusoma shule. Baba yake alisema msichana akijua kuhesabu mihogo inatosha. Kwa hiyo yote aliyoyajua kuhusu mume wake aliyajua kwa kuambiwa.

Sasa, kwaya yao ilipigwa picha kwenye sikukuu ya parokia, na televisheni ya Bukavu ikatangaza kwamba itaionyesha Jumapili alasiri. Wanawake walihuzunika. Watu wa mitaa ya Kadutu na Bagira watawaona, wao wenyewe hawatajiona. Bibiane ndiye aliyeanzisha ule wimbo wa matoleo kwa sauti yake, na maisha yake yote hakuwahi kujiona akiimba. Akawaambia waje kwake. Atajaribu.

Wakamcheka. Francine akasema labda anataka kukichimba kilima kwa mwiko wa sambaza.

Bibiane aliishusha antena siku moja mvua ilipokatika. Fito mbili zilikuwa zimevunjwa na kunguru, akazinyoosha nyingine na kukaza skrubu zilizoliwa na kutu. Waya ulioshuka ndani aliukagua kwa vidole mpaka akafika mahali palipovimba. Alipokata pale maji yalimwagika, na shaba ya ndani ilikuwa ya kijani kama maji ya kisima kilichoachwa. Akaendelea kukata mpaka akaipata shaba nyekundu, akaunga upya, akafunga maungio kwa utepe na mfuko wa plastiki ili mvua isirudi. Kisha akauhamisha mkaratusi mbali na paa la jikoni, kwa sababu alikuwa ameona tangu zamani kwamba bati lile likipata moto wa jua picha huanza kucheza.

Alipoielekeza kwenye kilima hakupata kitu, chenga tupu, kama Zagabe alivyosema. Alikuwa karibu kuacha. Alipokuwa akiigeuza ili airudishe Rwanda, antena ikipita upande wa ziwa, ndani kukasikika mtu akiongea Kiswahili. Bibiane akarudisha bomba polepole. Sauti ikarudi. Antena ilikuwa ikitazama ghorofa jipya, lile la vioo vya bluu ambalo watu wenye dhahabu wamelijenga pwani ya ziwa, mbele ya macho ya kibonde chote. Mawimbi yalikipita kilima juu, yakagonga vile vioo, yakarudi nyuma kwao. Zagabe alipoondoka, pale palikuwa na migomba. Hakuwahi kuliona ghorofa lile.

Shida iliyobaki ilikuwa moja. Picha ilikaa safi pale tu mtu alipolishika bomba. Akiliachia, chenga zinarudi. Kibondeni watu wamezoea jambo hilo, kila nyumba ina mtu wake wa kushika. Ndiyo maana Jumapili ile, wengine wote walipokuwa wakitazama, Bibiane alikuwa juu.

"Francine," akaita tena. "Iko bien ao haiko bien?"

Francine akatoka uani, akainua uso.

"Shuka, mama Akonkwa."

"Nikishuka itapotea."

"Miye napanda. Shuka."

Bibiane hakuwahi kumwona Francine akipanda ngazi. Leo alipanda, na ngazi ikalia chini ya uzito wake. Akalishika bomba juu ya mikono ya Bibiane, wakabadilishana mkono mmoja mmoja bila kuliachia, na Bibiane akaona kwamba jirani yake anamtazama usoni kama mtu anayehakikisha kitu.

Sebuleni wanawake walimfungulia njia. Mmoja alikuwa tayari analia, si kwa sauti, ule mlio wa chini wa kwenye matanga, na alipomwona Bibiane akanyamaza kwa aibu. Eulalie, kiongozi wa kwaya, anayefanya kazi ofisini na kusoma masomo kanisani, alimpa kiti. Bibiane hakukaa.

Kwaya ilikuwa bado. Kabla yake televisheni ilikuwa ikionyesha sherehe za watu, zile ambazo kila mwenye uwezo hujitangazia: harusi, ubatizo, kuondoa kilio matanga yanapomalizwa. Uwanjani palikuwa na hema jeupe na watu wengi wamevaa nyeupe. Kwenye meza, kati ya mishumaa na maua ya plastiki, kulikuwa na picha kubwa ndani ya fremu. Ilikuwa picha yake mwenyewe, aliyopigwa siku ya komunyo ya kwanza ya Akonkwa. Walikuwa wamesimama wawili, yeye na Zagabe. Zagabe wamemkata. Lakini mkasi haukufanya kazi nzuri, vidole vyake vilikuwa vimebaki juu ya bega la Bibiane, vinne, bila mkono.

Alitazama vidole vile muda mrefu. Maandishi yakapita chini ya picha.

"Imeandikwa nini?" akauliza.

Eulalie akasita. "Mama Akonkwa, kaa kwanza."

"Soma."

Eulalie akasoma kwa sauti yake ile ya kanisani, kwa sababu hakuwa na nyingine ya kusomea. Kuondolewa kwa kilio cha marehemu Bibiane, mke wa papa Zagabe, aliyefariki na kuzikwa kwao Bunyakiri. Halafu maandishi mengine: familia inafurahi kuwaalika ndugu na marafiki kwenye ndoa takatifu ya papa Zagabe na binti Déborah, Jumamosi ijayo.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Kanisa haliwezi kumpa mtu mke wa pili wa kwanza akiwa hai, na Zagabe alitaka wa pili wa kanisani, mwenye shela na kinanda. Kwa hiyo alimuua wa kwanza kwa mdomo. Alichagua Bunyakiri kwa sababu barabara ya kule ina bunduki, na hakuna padri atakayekwenda kutafuta kaburi. Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu mwenye dhahabu na hakuweza kusherehekea kitu bila Bukavu kumwona, akaita wapiga picha. Alitaka mji wote uone. Nyumba moja tu ndiyo haikupaswa kuona, na hiyo alimwachia kilima aifunike.

Bibiane angeweza kustahimili hadi hapo. Alishazoea kuonewa na Zagabe kama mtu anavyozoea moshi. Lakini kamera ikahama. Tonton Modeste, mdogo wa Zagabe, aliyekula kwake mara nyingi, alikuwa akieleza kwa huzuni jinsi shemeji alivyougua. Nyuma yake akasimama kijana mwenye shati jeupe, akasogea mezani, akaweka ua mbele ya picha, akapiga ishara ya msalaba.

Ni Akonkwa.

Asubuhi ile ile Akonkwa alikuwa amempigia simu kumwuliza ameamkaje.

Bibiane akatoa simu kwenye fundo la kikwembe. Namba ya mtoto wake aliijua kwa alama ya samaki waliyomwekea. Akabonyeza samaki, akafungua sauti ili wote wasikie, maana hakutaka baadaye aambiwe kwamba aliota.

"Maman, mumeisha kula?" Akonkwa akasema kwa furaha.

"Tumekula. Ile chemise nyeupe, nani alikununulia?"

"Chemise gani, maman?"

"Ile ulivaa kwa kilio yangu."

Wakasikia pumzi zake. Wakasikia na mbuzi mahali fulani huko Luhwindja. Bibiane alingoja neno la mtoto, kilio, hata uongo. Neno lililotoka kwanza lilikuwa hili:

"Munaonaka ile chaîne? Papa alisema kule haifikaka."

Mwanamke mmoja akaweka mkono mdomoni.

Kijana akaanza kumwaga maneno. Ilikuwa formalité tu, mambo ya karatasi. Wazazi wa yule msichana ni watu wa kanisa sana, hawakukubali vingine. Papa alisema maman hatajua, hatapungukiwa na kitu, na yeye angefanya nini, yuko chini ya mkono wa papa, analala kwa papa.

"Kwa ile formalité," Bibiane akauliza, "nilikufa na nini?"

"Maman..."

"Minauliza. Mutu anapashwa kujua."

"Na tension, maman, presha."

Kutoka juu ya paa Francine, ambaye hakusikia chochote, akapaza sauti kuuliza kama bado picha ipo, kwa sababu mikono inakufa ganzi.

"Shuka Bukavu mbele ya Jumamosi," Bibiane akamwambia mtoto wake. Alizungumza taratibu, kama anayemwagiza chumvi. "Ukishuka, tutasemezana. Usiposhuka, basi mulinizika kweli, na kwako sitafufuka."

Akakata simu. Kwaya ikaja, ikaimba, ikaisha. Hakuna aliyeitazama.

Kesho yake alikwenda parokiani na Eulalie. Padri Stanislas alikuwa amempa komunyo kwa mkono wake jana yake, saa chache kabla ya kifo chake kuonyeshwa. Alimsikiliza huku akimtazama mikono, kisha akaondoa miwani, akaivaa tena, akaiondoa. Akampigia simu padri mwenzake wa Luhwindja. Yule naye alikuwa ameletewa mashahidi wawili walioapa, wa kwanza Modeste. Padri Stanislas akamwambia kwamba marehemu amekaa pale mbele yake, amevaa pete yake, na ananuka samaki.

Ndoa ikasimamishwa. Jioni Zagabe akapiga simu mwenyewe, mara ya kwanza tangu Noeli ambayo Bibiane hakuikumbuka tena. Hakuomba radhi. Aliongea kama mtu aliyeibiwa. Alimwambia amemwaibisha mbele ya wakwe, mbele ya mwami, mtawala wa kule, mbele ya watu ambao walishaleta mpaka ng'ombe wa zawadi. Akasema mwanamke mwenye akili angemwita pembeni. Mwisho akauliza kile hasa kilichokuwa kinamkwaruza.

"Nani alikugeuzia antena?"

"Miye," Bibiane akasema, na hapo alikuwa amemaliza naye.

Lakini kusimamisha ndoa si kufufua mtu. Alipokwenda Kadutu kununua mafuta, mwanamke aliyemwuzia miaka yote alidondosha karai, mafuta yakatambaa hadi barabarani, na hakuyatazama. Alimtazama Bibiane miguu, kuona kama inagusa chini. Wengine walimpisha njia. Mtoto mdogo alifichwa nyuma ya sketi. Kisha ikaja habari kutoka Bunyakiri, imepitia vinywa vingi: dada yake mkubwa alikuwa amesikia, akanyoa nywele, akalala chini kwenye majani, akamlilia kwa jina. Alimlilia mfu aliyekuwa anakaanga sambaza Nguba. Hapo ndipo Bibiane alipolia, na alilia kwa hasira, akisimama.

Akarudi kwa Padri Stanislas. Akamwambia kwamba ameuawa kwenye televisheni, na atafufukia huko huko. Padri hakucheka. Alikwenda kuzungumza na wenye kituo. Wakakubali, ila mtu wa familia aje kusema kwa uso wake, na wakaahidi kuionyesha tena na kwaya.

Akonkwa alishuka katikati ya juma, juu ya lori, na vumbi la barabara kichwa kizima. Bibiane hakumkumbatia. Alimwekea maji ya kuoga, akamwekea fufu na sambaza, akakaa ng'ambo ya meza akimtazama anavyokula bila kuinua kichwa. Alimweleza kazi iliyopo. Akonkwa akasema papa atamfukuza. Bibiane akamwambia chumba chake bado kipo, godoro limeliwa kidogo na panya. Kijana akasukuma sahani, akafunika uso kwa mikono, na mama yake akamwacha hivyo hivyo, kwa sababu mkono wake ulikataa kwenda begani mwa yule mtoto. Aliujaribu. Ulikataa. Jambo hilo pia lilimshtua.

Kesho yake kijana alikwenda kituoni, wakamrekodi.

Jumapili ikafika. Sebule ilijaa kuliko mara ya kwanza, mpaka dirishani kulikuwa na vichwa. Francine alikunja mikono ya blauzi na kusema atapanda, tayari amekuwa fundi, mume wake ataanza kumwogopa. Bibiane akasema hapana.

"Akonkwa apande."

Kijana akapanda. Alishika bomba mahali ambapo mama yake alikuwa ameshika, akiwa ameelekea vile vioo vya bluu. Ndani chenga zikatulia, rangi zikakaa, na akaonekana Akonkwa mwingine, aliyevaa tai ya kuazima, mbele ya pazia. Alikuwa na karatasi. Alianza kuisoma kwa Kifaransa, kisha akaiweka chini.

"Ile kilio tulifanya, ilikuwa bongo, uongo mutupu," akasema kwa Kiswahili. "Maman yangu iko hai. Anaitwa Bibiane. Anakaa Nguba, anauzisha sambaza. Miye ni mutoto yake, na nilitia ua kwa picha yake nikijua."

Aliendelea kutazama kamera kama mtu ambaye hajui kama ameruhusiwa kuondoka.

Hakuna aliyepiga kigelegele. Wanawake walimtazama Bibiane pembeni ya macho, na yeye alitazama ule uso kwenye televisheni. Ulikuwa uso wa Zagabe, paji lile lile, taya lile lile, ila macho yalikuwa mekundu, na macho ya Zagabe hakuwahi kuyaona hivyo.

Picha ikabadilika. Ikaja kwaya yao, safu kwa safu, vikwembe vya sare, na mbele yao mwanamke mmoja mnene kidogo, mwenye mvi chini ya kitambaa, akainua kidevu na kuanzisha wimbo. Bibiane alichelewa kumtambua. Alidhani ni mtu mkubwa kuliko yeye. Halafu akaona pete.

"Maman," Akonkwa akaita kutoka juu. "Iko bien?"

Wanawake wote waliisikia ile sauti. Walimwachia Bibiane ajibu mwenyewe.

Bibiane alivuta kiti karibu na televisheni, akakaa, akaweka mikono mapajani. Kule juu bomba lilitikisika kidogo, chenga zikapita usoni mwa yule mwanamke anayeimba, kisha zikaondoka.

"Maman?"

Wimbo ulikuwa umefika mahali ambapo sauti yake hupanda peke yake kabla wengine hawajaipokea. Alingoja mpaka ipande, mpaka waipokee.

"Shikilia hapo," akamwambia mtoto wake. "Bado minajitazama."